Bustani Isiyo na Usiku

Jumapili, tarehe 6 mwezi wa pili

Shikamoo Dada Gundi,

Nimefika salama na kazi nimeshaanza, kwa hiyo mwambie Mama aache kukaa dirishani. Yule dalali hakutudanganya: kazi yenyewe ni kucheza gemu kweli, zile za kuvaa miwani kubwa inayofunika nusu ya uso, ukishaivaa unaingia dunia nyingine mzima mzima. Tunalala hapahapa kazini. Chakula kipo, kitanda kipo. Simu wamezichukua ofisini kwa ajili ya siri za kampuni, ndiyo maana nakuandikia barua kama watu wa zamani. Mara moja kwa mwezi tunaandika, tunaziacha barua wazi mezani kwa Msimamizi, naye anazipeleka posta. Majibu pia yanapitia kwake. Ni utaratibu tu. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, nitazoea.

Lakini kilichonifanya nishike kalamu ni kitabu. Cheka kwanza, halafu uendelee kusoma. Nimepata riwaya inaitwa Bustani Isiyo na Usiku, na Dada, ninaifurahia kuliko kitu chochote. Ni hadithi ya siku zijazo. Dunia imeharibika, matajiri wamejifungia majumbani, na raha yao pekee ni gemu moja kubwa inayoitwa Bustani. Humo kuna miti ya vioo mirefu kuliko ghorofa, juu ya miti kuna viota, ndani ya viota kuna mayai ya mwanga. Ukipata yai unapanda cheo. Lakini kulipata ni kazi: kuna nyoka wenye mabawa, kuna upepo unaokata, na tajiri hana subira hiyo. Basi katika jengo moja linaloitwa Ghala wamewekwa vijana wa kumpandia miti. Wao wanapigana na nyoka, tajiri anaingia mwisho, anachukua yai, anapigiwa makofi.

Shujaa anaitwa Kunguru. Ana mikono myepesi, kama mimi. Jua la Bustani halizami, kwa hiyo Kunguru hajui ni saa ngapi wala ni siku gani, mpaka Jicho, msimamizi wa Ghala, apite akimgonga bega. Kuna mahali Kunguru anaruka kutoka mti hadi mti, chini yake nyasi za fedha hadi upeo wa macho, nikajikuta nacheka peke yangu. Ni pazuri, Dada, usidhani si pazuri. Ndiyo ubaya wake.

Nitakusimulia sura kwa sura. Wewe unayejua vitabu, soma vizuri, uniambie unaonaje.

Mdogo wako,
Chapuchapu


Jumapili, tarehe 20 mwezi wa pili

Marahaba, Chapuchapu wangu,

Wewe? Kitabu? Nimeisoma barua yako nikaigeuza nyuma nione kama imeandikwa na mtu mwingine. Wewe uliyelelewa na dada mjalidi wa vitabu, nyumba nzima karatasi tupu, na kitabu cha jiografia ukakitumia kuegemeza mlango usipigwe na upepo. Kumbe dawa yako ilikuwa safari.

Mama amefurahi, anauliza kama godoro ni nene. Karakanani niliwasimulia wenzangu habari za nyoka wenye mabawa, yule mama anayeshona kurasa akaacha sindano hewani. Hata Fundi mwenye karakana, unayemjua hacheki bila sababu, alinifuata jana nikiwa napaka gundi akaniuliza kwa sauti ya chini, "Na huyo Kunguru, yai alilipata?" Kwa hiyo usitucheleweshe.

Ila nina malalamiko. Kunguru simwelewi. Kama Ghala lina shida hivyo, mbona asivue miwani, afungue mlango, aende zake? Miguu si anayo? Hapo mwandishi amelala usingizi. Halafu huyo Jicho ni mtu wa namna gani? Hadithi isiyo na mtu mbaya ni mchuzi usio na chumvi, na mtu mbaya wa kugonga watu mabega tu hanitoshi. Pia niambie nani amekichapa, nimtafutie Fundi nakala yake. Nimeuliza kwa muuza vitabu wa mtaa wa pili, akasema hajakisikia.

Kula vizuri. Hiyo miwani usiivae muda mrefu, utaharibu macho.

Dada yako,
Gundi


Jumapili, tarehe 6 mwezi wa tatu

Shikamoo Dada,

Umeuliza mbona Kunguru asitoke. Mwandishi hakulala. Ameeleza yote katika sura ya tatu, pengine mimi ndiye sikukusimulia vizuri. Vitambulisho vyao vilikusanywa siku ya kwanza vikafungiwa kwenye sanduku la chuma. Mlango wa chini una kufuli mbili. Madirisha yamepakwa rangi nyeusi. Na kuna kijana mmoja, mkubwa kwa Kunguru, wanamwita Mwashi kwa sababu alikuwa akijenga nyumba kabla ya kuja. Mwashi alitoka kwa dirisha la chooni. Alirudishwa kabla jua halijazama, jua la nje, lile la kweli. Baada ya hapo miwani yake ikaharibika, bahati mbaya tu. Taa ya ndani ikawa haizimiki na kamba ya kichwani haifunguki, siku tatu, na ilipofunguka Mwashi alikuwa haoni tena. Sasa anakaa kitandani mchana kutwa akijenga ukuta hewani kwa mikono.

Umemuulizia Jicho. Jicho si mtu mbaya hata kidogo. Kitabu kinasema ni mtu mwema aliyebebeshwa kazi ngumu, mpole, mwenye huruma, na siku zile Mwashi anaumia alimpelekea maji kwa mkono wake mwenyewe. Hayo yachukue kama yalivyoandikwa.

Mtu anayenichosha humu ni dada yake Kunguru. Ndiyo, ana dada, mshonaji nguo. Kunguru anamwandikia, anamweleza kila kitu kwa namna anavyoweza, naye anajibu habari za nyuzi na vifungo. Anamwambia ale vizuri. Nampenda huyo dada, ndiye mtu pekee Kunguru aliye naye, lakini kuna mahali natamani niingie ndani ya kitabu nimshike mabega nimtikise. Maji yamemfika Kunguru shingoni, Dada. Mwandishi huyu anajitahidi sana, ila hana muda.

Jina la mchapaji sijaliona. Kurasa za mbele zimeng'oka.

Mdogo wako,
Chapuchapu


Jumapili, tarehe 13 mwezi wa tatu

Mdogo wangu,

Nilimsomea Mama barua yako akiwa anakunja nguo. Nilipofika kwa yule dada mshonaji nikacheka. Mama hakucheka. Aliweka nguo chini akaniambia nisome tena, polepole, kuanzia juu. Nikasoma. Akasema huyo mshonaji ni mpumbavu na anastahili kofi. Nimekubaliana naye. Nimelia kwa ajili ya ujinga wa mwanamke huyo mpaka macho yamevimba, na karakanani nikasema ni mvuke wa gundi.

Sasa ninakisoma kitabu chako kinavyotakiwa kusomwa. Nisamehe kwa kurasa zote nilizozipita nikicheka.

Sijakaa bure. Nilimpelekea hadithi msomaji mmoja anayelipwa kusikiliza hadithi za watu, anakaa nyuma ya meza ndefu, kofia ya sare pembeni, nyuma yake kuna picha na saa iliyosimama. Alinisikiliza akijichokoa meno. Akasema inasisimua, ila hawezi kumfuata mwandishi ambaye hajulikani anaishi wapi, sanduku la posta si nyumba, na mji ule una majengo mengi kuliko nywele zangu. Nikamwambia kuna mtu anapofuka humo. Akasema nirudi nikiwa na jina la mtaa. Dalali naye, yule aliyekupatia kitabu, amehama. Mlango wake una kufuli na vumbi.

Kwa hiyo nakuomba sura inayosema Ghala liko wapi. Mwandishi mzuri hamwachi msomaji wake gizani. Hata kama Kunguru haoni nje, masikio anayo, pua anayo. Nieleze anasikia nini.

Mama anasema mwambie Kunguru asikate tamaa. Anasema hivyo kila asubuhi, kwa sauti, akiangalia barabara.

Dada yako,
Gundi


Jumapili, tarehe 3 mwezi wa nne

Shikamoo Dada,

Umekielewa kitabu. Barua yako nimeisoma mpaka imechanika kwenye mikunjo. Sura uliyoomba ni ya sita, na ndiyo nzuri kuliko zote. Kunguru amevua miwani, anaweka sikio ukutani. Anasikia

. . . . . . . . . .

na kwa hayo tu mtu mwenye akili zake anaweza kumfikia.

Sasa jambo jingine, na usishtuke. Msimamizi wetu anasoma barua kabla hazijaenda, hilo unalijua, na amekipenda kitabu. Juzi aliniita mezani kwake. Nilidhani nimekosa. Alikuwa amevua viatu, barua zangu ziko mbele yake, akaniuliza, "Halafu?"

Nikamuuliza halafu nini.

"Halafu Kunguru anafanya nini?"

Nikamsimulia kidogo. Pale pa nyoka akacheka hadi akajifuta machozi. Kisha akasema amechoka kusimuliwa, anataka kitabu chenyewe akisome. Nikamwambia jalada liliachia, nikakutumia wewe ulitengeneze. Ndivyo ilivyo, si ndiyo? Unacho. Kiko karakanani, kwenye rafu yako. Amesema akione kabla ya tarehe mosi ya mwezi ujao, na kama hakuna kitabu atajua kwamba nilimfanya mtoto. Alisema kwa upole. Yeye kila kitu anakisema kwa upole.

Macho yananiwasha na mistari inapanda milima, utaniwia radhi kwa mwandiko. Kunguru naye ameanza kuiona Bustani hata akiwa amevua miwani. Miti ya vioo inasimama katikati ya vitanda, anapita akiikwepa, wenzake wanamcheka. Zamani ningeona ni sehemu tamu ya hadithi.

Dada, kitabu kiko kwako. Kumbuka kiko kwako.

Chapuchapu


Jumapili, tarehe 17 mwezi wa nne

Mdogo wangu, na yeyote anayesoma barua hii kabla yake,

Kitabu hiki hapa kwenye kifurushi. Jalada lilikuwa limeachia kweli, na si jalada peke yake, ilinibidi nikishone upya tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Fundi aliniachia mashine na karatasi zilizobaki za kazi nyingine, yule mama wa kushona akabaki nami, na hakuna aliyeuliza neno. Vidole vina malengelenge. Lile doa la kahawia ukurasa wa arobaini si chai. Nilipokuwa nakitengeneza nilikuwa nakisoma, na nilikifurahia, jambo linalonitia aibu. Kuna mahali nilisahau kabisa kwa nini niko pale, nikawa nataka tu Kunguru alifikie lile yai la kileleni kabla upepo haujageuka.

Sura ya sita sikuipata. Barua ilifika na tundu, limekatwa kwa wembe, pembe nne zilizonyooka bila rula. Mimi nimekata karatasi tangu nikiwa msichana, mkono mzuri naujua nikiuona. Kwa hiyo nimeacha kuuliza Ghala liko wapi. Nimeelewa kwamba njia ya Kunguru haipiti kwangu wala kwa mtu wa meza ndefu. Inapita kwa Jicho tu.

Ndiyo maana nimeipenda sura ya mwisho. Jicho anachukua funguo, anafungua kufuli zote mbili, anasimama pembeni vijana wapite. Wapo watakaosema haiwezekani. Mimi nasema inawezekana, kwa sababu mdogo wangu alinieleza Jicho ni mtu wa namna gani: mpole, mwenye huruma, mpeleka maji. Nimemwamini mdogo wangu.

Namuomba Msimamizi akisome yeye kwanza. Ila asikawie, macho ya Kunguru hayana nafasi hiyo.

Gundi


Jumapili, tarehe 1 mwezi wa tano

Kwa Mjalidi,

Salamu. Mimi ndiye Msimamizi. Nimekisoma kitabu ulichotuma, mara mbili.

Naomba nianze na ukweli ili tusipotezeane muda. Ndugu yako hakuwahi kuwa na kitabu. Nilipekua mzigo wake siku aliyofika: mashati, mswaki, picha ya mama yenu. Nilijua tangu barua ya kwanza. Niliziacha zipite kwa sababu nilitaka kujua Kunguru atafanya nini. Hapa hakuna cha kusoma isipokuwa barua, na barua za vijana zote ni moja, nimefika salama, chakula kipo. Yake ilikuwa na nyoka wenye mabawa. Sura ya sita niliikata kwa sababu hiyo ni kazi yangu. Nilipoagiza kitabu nilitaka kuona mtaleta nini, na kimekuja kinanuka gundi mbichi. Hongera. Sijawahi kuona mtu akihangaikiwa namna hiyo.

Nimekipenda. Ile safari ya Kunguru juu ya upepo nimeisoma kwa sauti nikiwa peke yangu. Lakini sura ya mwisho ni mbovu. Jicho anafungua mlango, vijana wanatoka, imekwisha. Yeye anaenda wapi? Mwandishi amemwacha koridoni na funguo mkononi. Nakueleza kama mtu anayeijua kazi hiyo. Jicho naye alikuja kupanda miti, kizunguzungu kikamshinda, wakampa funguo. Kitambulisho chake kimo ndani ya sanduku lilelile. Wenye Ghala wakifika wakakuta vitanda vitupu, watamkuta yeye. Mama yake alikufa akiwa humu ndani, na nyumba wakagawana ndugu. Mtu hafungui mlango ambao nje yake hakuna hata kigoda chake.

Nakurudishia kurasa za mwisho, nimeandika pembeni palipo na makosa. Ziandike upya. Ndugu yako sasa anahesabu ngazi kwa mguu anaposhuka. Sikutishi, nakwambia ninachokiona.

Msimamizi


Jumapili, tarehe 8 mwezi wa tano

Kwa Msimamizi,

Umesema kweli. Mwandishi alikuwa na haraka ya kumtoa Kunguru, akamsahau mwenye funguo. Kurasa mpya zimo ndani ya bahasha hii, lakini nakueleza hapa kwa kifupi, zisije zikapotea.

Jicho anatoka pamoja na Kunguru. Wanapanda basi moja, wanakaa kiti kimoja. Wanafika mji mdogo, jina lake liko nyuma ya bahasha, kwenye nyumba ya mlango wa kijani. Kuna chumba cha nyuma chenye kitanda na dirisha lisilopakwa rangi. Ni chake. Kuna karakana ya vitabu. Mwenye karakana ameonyeshwa lile tundu kwenye barua, akalishika juu akalitazama kwenye mwanga, akasema mtu huyu aje Jumatatu. Mezani kuna sahani ya Jicho kila siku. Hakuna atakayemuuliza alikuwa wapi wala alifanya nini huko. Hilo nimelichapa kwa herufi nzito.

Sikuyaandika hayo kwa kichwa changu peke yangu. Nyumba ni ya Mama, nikamuuliza. Naye akaniuliza, "Huyo ndiye aliyempelekea maji yule kijana aliyepofuka?"

Nikasema ndiye.

"Basi moyo anao. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Andika."

Msimamizi, mimi si mwandishi. Nimegeuka mwandishi kwa wiki chache kwa sababu ya shida, na mafumbo yameniishia. Nirudishie mdogo wangu akiwa bado anaiona sura yangu. Nakuomba, sijui kuomba vizuri zaidi ya hivi. Ukimleta, wewe ni mtu wa nyumbani, na mimi nitakuwa wa kwanza kusimama kukupokea.

Gundi


Alhamisi, tarehe 19 mwezi wa tano, kituo cha basi

Dada,

Barua hii hakuna aliyeisoma kabla yako. Ninaiandika kwa herufi kubwa ili nizione. Basi letu limeharibika, tutalala hapa, na nimempa dereva wa gari linalotangulia ikufikie kabla yetu. Msimamizi amelala kwenye benchi, kitabu kiko ndani ya shati.

Alifungua. Alizima umeme wa miwani kwanza, tukadhani imeharibika, kisha akapita akitugonga mabega mmoja mmoja akisema twendeni. Alivunja sanduku kwa nondo, akagawa vitambulisho akisoma majina, kama mwalimu. Wenzangu wametawanyika, kila mtu njia ya kwao. Mwashi, maana Mwashi yupo na ni mwashi kweli, alimshika mkono yeye mwenyewe, akamshusha ngazi zote hadi nje. Mwashi hakujua ni mkono wa nani. Alisema asante. Tumemwacha hospitali, mmoja wetu amebaki naye.

Sasa nikwambie nisichoweza kukwambia kabla. Nilimwandika Jicho mwema kwa sababu Jicho alikuwa akisoma. Miwani ya Mwashi haikuharibika. Ni huyu aliyemfunga kamba kichwani, akabana, akawasha taa mpaka mwisho, akaweka kiti mbele yake akakaa. Siku tatu, Dada. Alikuwa akisoma barua zetu pale kitini, Mwashi akipiga kelele, na karatasi ikiisha anachukua nyingine. Maji alimpelekea, hilo ni kweli. Vitanda vyetu vilikuwa palepale. Hakuna kati yetu aliyesimama.

Njiani nilimwambia dunia ni pana, anaweza kushuka popote. Alitoa kurasa zako mfukoni akaniwekea kidole kwenye yale maneno ya herufi nzito. Hakukasirika. Anayajua kwa moyo, kitanda, dirisha, karakana, Jumatatu. Ameniuliza Mama anapenda nini, asije akafika mikono mitupu. Nilimwambia sijui. Amenunua kitambaa cha kichwa, cha bluu, alikaa muda mrefu akichagua.

Sikulaumu. Bila maneno yako ningekuwa bado kitini, gizani. Uliandika kwa kuniamini, nami nilidanganya ili barua ipite. Ahadi ni deni na Mama ameitoa kwa mdomo wake, na mtu aliyenifungulia mlango siwezi kumfungia wangu. Lakini nimekaa naye kiti kimoja tangu asubuhi kama ulivyoandika, na kila akinigusa kiwiko najivuta dirishani. Ningependa kumchukia tu, ingekuwa rahisi. Nikifumba macho nasikia sauti ya Mwashi ikisema asante.

Kesho mchana tutakuwa hapo. Habari za Mwashi usimwambie Mama, mwache ampokee mgeni wake kwa moyo mweupe. Kitambaa akivae. Mwekee Msimamizi sahani mezani, umpakulie vizuri, asiulizwe kitu.

Yangu niwekee nje.

Mdogo wako